Nyumba Iliyopewa Namba

Jagi likiletwa makumbusho, kwanza lilioshwa na kukaushwa. Kisha mwandika namba alilipindua kitako juu, akachagua mahali pasipoonekana, akapaka vanishi kidogo na kusubiri ikauke. Juu ya vanishi aliandika namba kwa brashi nyembamba na wino mweusi, halafu akaifunika kwa vanishi nyingine. Ile ya chini ilikuwa ya tahadhari tu: siku namba ikitakiwa kuondolewa, ingefutika kwa spiriti bila kuacha doa. Wino ulipokauka, jagi liliacha kushika maji. Halikuwa na ufa wala tundu. Ulimimina maji, ukayakuta mezani.

Ndivyo ilivyokuwa kwa kila kitu. Kisu chenye namba hakikukata hata mkate, taa haikuwaka, na aliyelala kwenye kitanda chenye namba alikesha macho kodo hadi asubuhi. Wafanyakazi walilijua hilo kama walivyojua kwamba mlango wa choo cha juu unasukumwa kwa bega, na mgeni kazini alielezwa yote mawili siku moja. Mwandika namba, ambaye wote walimwita Dada Namba, alijaribu kila chombo kwa kikombe cha maji kabla ya kukipeleka kabatini. Kikivuja, kazi imekamilika.

Jengo lenyewe lilianza kama chuo cha ufundi. Chini kulikuwa na karakana, na juu chumba cha vielelezo: viti, vyungu, makufuli, vitambaa, kazi nzuri za mafundi waliotangulia, ambazo wanafunzi waliziazima, wakazifungua, wakaziiga, wakazirudisha. Mwalimu wa useremala alikuwa akisema kiti husomwa kwa makalio, kwa hiyo kila mwanafunzi wake alivikalia vile vya zamani mpaka akavielewa. Baadaye akaja msomi mmoja akaona vielelezo vinachakaa. Akaagiza vipewe namba. Kwa kuwa hakukuwa tena na cha kuazima, karakana ilifungwa, na jengo likaitwa Jumba la Sanaa za Mikono mwaka uleule mikono ilipotolewa nje. Baadaye tena likaitwa Makumbusho ya Sanaa na Ubunifu, na mlango wa nyuma, uliokuwa wa mafundi, ukazibwa kwa matofali. Mafundi walibaki mtaa wa nyuma, wao na watoto wao, wakitengeneza viti na sufuria kwa kukumbuka.

Dada Namba alizaliwa katika mtaa huo. Baba yake, seremala, alikuwa ameshafariki. Mama yake, fundi cherehani, aliishi peke yake katika nyumba ambayo mumewe aliijenga kwa mikono yake, madirisha yakifunguka kwa kidole kimoja na milango isiyojua kulia. Binti alikwenda kula kwake kila siku mchana, na mama hakuacha kumtania.

"Wenzako wanazaa, wewe unafisha vyombo," alimwambia. "Osha mikono kabla hujagusa sufuria yangu."

Kisha makumbusho yakapata mkurugenzi mpya. Alipenda sana neno upya. Kufikiri upya, kupanga upya, kuzaliwa upya. Hata chai ikipoa aliomba ichemshwe upya, na wafanyakazi hawakuhangaika kumtafutia jina jingine. Bwana Upya hakuwa mtu mbaya. Aliwasalimia wafagizi na kuwauliza habari za watoto, na kwenye vikao alibeba kiti chake mwenyewe. Watu wa namna hii ndio wa kuogopa, maana huwezi kuwachukia mapema.

"Sanaa haiko kabatini," aliwaambia wafanyakazi. "Iko jikoni, iko uani, iko mtaani kwa watu. Tumewafungia mafundi nje kwa miaka mingi. Ni aibu. Sasa tutawaingiza ndani."

Walimpigia makofi, na Dada Namba alipiga kuliko wote. Hakujua bado kwamba mkurugenzi alimaanisha mtaa wenyewe. Kila familia ingepewa nyumba mpya pembeni mwa mji, yenye bomba ndani, na nyumba za mtaa wa nyuma zingepewa namba moja baada ya nyingine na kuwa sehemu ya makumbusho. Ya kwanza ingekuwa ile ya seremala, kwa kuwa ndiyo nzuri kupita zote.

"Nyumba ya baba yako niende kuiangalia kwa foleni?" mama aliuliza.

"Mama, tukikataa sisi, wengine watakubali vipi? Na mimi nitaonekanaje kazini?"

Mama aliendelea kukunja nguo. Alikuwa na moyo mgonjwa, na daktari alikuwa amemkataza mabishano. Asubuhi iliyofuata alianza kufunga mizigo, na binti akashukuru kwamba mambo yameisha bila kelele.

Kulikuwa na kanuni moja ambayo kila mtu makumbusho aliifahamu. Kitu chenye sehemu nyingi hupewa namba moja, na kila sehemu herufi yake: birika namba, mfuniko wake namba hiyohiyo na herufi. Na chochote kilichomo ndani wakati wino unakauka huhesabiwa kuwa sehemu. Katika kasha moja la nguo alikuwemo panya tangu enzi za msomi yule. Bado yumo, mzima wa afya, na hajatafuna uzi hata mmoja. Kwa sababu hiyo, siku ya kuipa nyumba namba, Dada Namba alizunguka vyumba vyote, akachungulia uvunguni, akamfukuza kuku. Alimpandisha mama yake kwenye gari la mizigo kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akapiga magoti kizingitini, akapaka vanishi kwenye mwimo wa mlango, akachukua brashi.

Gari lilikuwa halijafika hata kona mama alipoomba kushuka. Alikuwa amekumbuka kwamba hakufagia. Nyumba haikabidhiwi chafu, hata ukiwa umenyang'anywa. Hilo alifundishwa na mama yake, naye alimfundisha binti yake. Alirudi kwa njia ya uani, akachukua ufagio wa zamani alioukusudia kuuacha, akaanza na chumba cha nyuma.

Dada Namba aliusikia ufagio. Lakini alikuwa ameusikia kila siku tangu utotoni, na sauti uliyoizoea hivyo haigongi tena sikioni. Aliandika namba vizuri, tarakimu zikisimama wima, akaifunika kwa vanishi, akaipepea kwa kiganja. Wino ukakauka. Aliingia ndani kufunga madirisha, akamkuta mama yake sebuleni ameinama, anafagia, na vumbi halisogei.

"Mama, si nilikupandisha garini?"

"Karibu mgeni," mama alisema. "Pita ndani, usiogope."

Alitoka mbio kuchukua spiriti na kitambaa. Alipokuwa ameshalowesha kitambaa, Bwana Upya alifika, akaingia ndani, akamwamkia mama, akaitikiwa vizuri. Alipotoka alimshika Dada Namba mkono taratibu, ule wenye kitambaa.

"Pole sana," alisema. "Pole kweli. Lakini ufunguzi ni Jumamosi, na wageni wameshaalikwa. Ukifuta hapa, nyumba nzima inafutika, na kuiandika upya lazima bodi ikae. Ngoja ufunguzi upite, nitaongea na mwenyekiti mwenyewe. Mama hana njaa, wala hahemi kwa shida. Umemsikia anavyohema?"

Ilikuwa kweli. Pumzi ya mama, ambayo kwa miaka ilikuwa ikikwama njiani, ilitoka laini. Dada Namba alifikiria kazi yake, akafikiria Jumamosi, akaona siku chache si kitu. Akafunga chupa.

Fundi Gundi, mzee aliyeunganisha vyombo vilivyovunjika, alimfuata mezani asubuhi yake.

"Unaikumbuka habari ya ile saa?"

Aliikumbuka. Kabla yeye hajaajiriwa, saa ya ukutani iliombwa na waliokuwa wenyewe, ikafutwa namba baada ya kukaa kabatini muda mrefu. Mishale ilizunguka mchana kutwa kwa kasi ya feni, ikiilipa miaka yote iliyoikosa. Jioni meno yake yalikuwa yamesagika, na kilichorudishwa kwa wenyewe ni kopo la unga wa shaba.

"Siku chache hazina neno," Fundi Gundi alisema. "Atapiga chafya, basi. Lakini usichelewe, mwanangu. Miaka haipotei. Inamsubiri mlangoni."

Ufunguzi ulifana. Kuta za makumbusho zilikuwa zimepakwa nyeupe, matofali ya mlango wa nyuma yamebomolewa na kuwekwa kioo, na wageni walipita humo moja kwa moja hadi nyumba ya seremala. Walisifu madirisha. Walisifu rafu. Lakini waliyesimama kumtazama kwa muda mrefu ni mama, aliyewaeleza kwa upole kwamba kazi ile ni ya mumewe, mbao alizichagua yeye, na tangu afariki hakuna mlango uliolegea. Maneno yote yalikuwa sahihi. Hayakumchoma mtu yeyote, kama kisu kile kisivyokata mkate. Dada Namba alipanga foleni pamoja na wageni. Ilipofika zamu yake alisema, "Mama, ni mimi."

"Karibu mgeni. Angalia, ila usiguse."

Hakuna aliyekuwa amemfundisha hayo ya mwisho.

Jumatatu Dada Namba alikwenda kwa mwenyekiti wa bodi, akaambiwa njoo kesho. Kesho yake mwenyekiti alikuwa safarini. Bodi ilipokaa, ajenda zilikuwa nyingi. Ilipokaa tena, mjumbe mmoja aliuliza kama mtu anaweza kutolewa peke yake bila nyumba, wakakubaliana suala hilo linahitaji wataalamu. Wakati huohuo, kwa usalama, juu ya namba kiliwekwa kipande cha kioo kinene chenye kufuli. Kila jibu lilitanguliwa na pole. Dada Namba aliondoka na pole nyingi kuliko za msiba wowote aliowahi kupata.

Kaka wa mama, mjomba wake, alikuja kudai dada yake. Alisimama barazani na fimbo, akakaribishwa kama mgeni, akaonyeshwa madirisha.

"Anakula?" alimuuliza Dada Namba.

"Hali."

"Anaumwa?"

"Haumwi."

Mjomba alikaa chini. "Basi tufanye nini sasa? Tuweke matanga, hajafa. Tumtembelee, yeye hatujui sisi." Alilia, akafuta uso, akauliza saa ngapi wanafunga. Siku ile aliondoka na hakurudi tena, na Dada Namba hakumlaumu.

Nyumba ya pili ilipewa namba ikiwa tupu, na wageni waliipita bila kusimama. Bwana Upya aliona tofauti hiyo. Kwenye nyumba ya tatu, mshona viatu aliyekuwa akiagana na majirani aliombwa kwa heshima zote asubiri kidogo ndani, kuna gari jingine linakuja. Dada Namba alikataa kuandika. Hakufukuzwa wala kukaripiwa. Alipewa kazi ya kupangusa vumbi, na brashi akapewa mwingine. Kuandika namba si kazi ngumu. Nyumba ya kwenye kona ilipopewa namba, mtaa wote ulikuwa umejaa watu, kila mmoja na ufundi wake mkononi. Nyundo zilipanda na kushuka bila kupigilia msumari, na magazeti yaliandika kwamba hatimaye makumbusho yana uhai.

Alibaki kwa ajili ya mama. Kila asubuhi, kabla ya kufungua milango, alimpangusa mabega kwa brashi laini akiwa amevaa glavu, kwa kuwa jasho la mkono huharibu vitu. Alimsimulia habari za nyumbani: mtoto wa binamu kaolewa, mvua imechelewa, goti linamsumbua. Zamani angesema goti linauma, na chungu cha maji ya moto kingefika kabla hajamaliza sentensi. Sasa mama alisikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha. Dada Namba alimkosa kuliko watu wanavyowakosa wafu wao, na alisema hivyo waziwazi kwa yeyote aliyemuuliza, mpaka watu wakaacha kuuliza.

Bwana Upya alipata kazi kubwa zaidi mji mwingine, akaagwa kwa hotuba. Alimfuata mwingine, na baada yake mwingine, mwanamke kijana mwenye huruma, na siku moja alimwita Dada Namba ofisini akampa ufunguo.

"Bodi imekaa," alisema. "Ulichotendewa hakikuwa haki. Kamfute mama yako, muda wowote unaotaka."

Alikwenda mchana uleule. Fundi Gundi, ambaye sasa alitembea kwa kushika ukuta, alikwenda naye. Dada Namba alifungua kufuli, akaondoa kioo, akalowesha kitambaa. Kupitia dirishani mama alionekana akimwonyesha mtu rafu, mgongo umenyooka, pumzi laini.

"Atailipa miaka yote leo," Fundi Gundi alisema. "Na moyo ni uleule mgonjwa."

"Najua."

"Labda atakujua kwanza. Dakika moja, mbili."

Dada Namba alisimama pale hadi spiriti yote ikapaa na kitambaa kikawa kikavu. Kisha akarudisha kioo, akafunga, akapeleka ufunguo ofisini. Mkurugenzi alisema anaheshimu uamuzi wake. Alisema pia kwamba ruhusa ya bodi itaendelea kuwepo, na kwa kweli alionekana kupumua kwa nafuu.

Hayo nayo yamepita. Mtaa unaopakana na ule wa nyuma umeanza kupimwa. Vijana wenye kamba wanapigilia vigingi, na wenyeji wanawatolea viti wakalie, maana jua ni kali. Dada Namba alikuwa barazani akipangusa dirisha darasa la watoto wa shule lilipofika. Mmoja wao, msichana, aliangalia ndani, akamwangalia yeye, nywele zake nyeupe na mikono yenye mishipa, akaangalia ndani tena.

"Bibi, yule ni mtoto wako?"

Mwalimu alitaka kumkanya. Dada Namba alimzuia kwa mkono. Ndani, mwanamke mwenye uso usio na makunyanzi mengi alikuwa anawangoja wageni wake.

"Ndiyo," alisema. "Ni wangu. Hana mwingine."

Watoto walipanga mstari. Dada Namba akavaa glavu, akaingia mbele yao, akamnyooshea kola ya gauni, akamwambia asimame vizuri.