Maneno Matano ya Agosti

Mji mzima wa Tiltonburg ulijua kwamba Ijumaa ile Trent Hudak anarudi uwanjani. Kinyozi alikuwa ameandika namba ya jezi yake, kumi na mbili, kwenye kioo cha duka lake kwa rangi nyeupe, na mwenye kituo cha mafuta alikuwa akiwatangazia hata madereva wa malori waliokuwa wakipita tu kwenda Pittsburgh. Bila Trent timu ya shule ya futiboli ya Kimarekani ilikuwa imechapwa mara mbili mfululizo, tena kipigo cha mbwa mwizi. Trent ni kwotabeki, ndiye anayepokea mpira na kuamua nani apewe. Ukimwondoa yeye, wenzake wanabaki kugongana vifua tu na kuchafuana matope.

Na aliyewatia watu moyo kuliko wote alikuwa mama yake. Lorena Hudak hakuwa mama wa kushangilia ovyo. Siku Trent alipogongwa kichwani mchezoni, akainuka na kutembea moja kwa moja hadi kwenye benchi la timu pinzani, Lorena alimpeleka nyumbani, akamfungia mapazia, akamfichia simu, na kocha alipokuja kumjulia hali akamwambia mlangoni kwamba timu na ife, mwanawe abaki. Kwa hiyo Lorena huyohuyo aliposimama katika ukumbi wa kanisa, mikono imejaa unga, akiwasaidia wenzake kukunja piroji, zile kama sambusa za viazi za kuchemsha, za kuuza uwanjani, na kusema, "Wamempima. Kichwa chake kiko vilevile kama Agosti," habari zilifika mjini kabla piroji hazijaingia kwenye maji. Kama Lorena amekubali, nani mwingine awe na wasiwasi?

Kipimo chenyewe alikiamini kama alivyoiamini mizani ya muuza nyama. Kila Agosti, kabla ya msimu, Bi Ostrander, mtabibu wa timu, huwapima wachezaji wote vichwa. Wao husimama kwa mguu mmoja, hutaja miezi kinyumenyume, husomewa maneno matano na baadaye kuulizwa wanakumbuka yapi. Mchezaji akiumia hupimwa tena, na majibu yakilingana na ya Agosti, basi amepona.

Lorena hakuridhika na hapo. Alimjaribu mwenyewe, jikoni, wakila supu. Sabuni, ndizi, blanketi, farasi, kijiko. Walipomaliza kula akamuuliza. Trent alitaja matatu, kisha akabaki kuikodolea macho chumvi mezani. Lorena aliacha kukusanya mabakuli.

"Matatu tu?"

"Agosti pia alipata matatu," Gil, mumewe, alisema huku akipangusa sahani kwa mkate. "Muulize Ostrander. Huyu kichwa chake cha kukimbilia, si cha kukariri. Kamfuata baba yako, yule aliyekwenda dukani akasahau mke huko."

Wakacheka wote watatu. Kesho yake Lorena alimpigia Bi Ostrander, na kweli: Agosti matatu, sasa matatu. Usiku ule alilala vizuri, mara ya kwanza tangu mwanawe aumie.

Sasa alikuwa amekaa jukwaani katikati ya umati, kwenye koti amebandika beji kubwa yenye picha ya Trent, kama akina mama wote wa wachezaji. Kengele za ng'ombe, ambazo mashabiki huja nazo kushangilia, zilikuwa zikilia mpaka meno yanauma. Na Trent alikuwa akicheza! Alirusha mpira mrefu, ukamwangukia mwenzake mikononi, pointi sita. Watu wasiomjua Lorena walimkumbatia.

"Mwone alivyokomaa," alisema Bev Sabatino, rafiki yake wa piroji. "Zamani alikuwa anaamua mwenyewe tu. Leo kila mpira ukitaka kuanzishwa anamwinamia Odell, wanashauriana kwanza."

Ilikuwa kweli. Kila kabla ya mpira kuanzishwa Trent alimwinamia Odell, yule kijana mnene wa kusimama nyuma yake, na Odell alimnong'oneza kitu. Lorena alijivuna. Alijiambia kwamba ugonjwa umemfunza mwanawe unyenyekevu.

Nyuma yao alikaa Dutch, kaka yake Gil, na chupa ya kahawa isiyokuwa na kahawa. Alikuwa akimpa somo baba mmoja ambaye mwanawe angeanza kuchezea timu mwaka unaofuata.

"Mwambie dogo mapema, bwana. Agosti asijitie profesa. Akisomewa maneno matano, ataje mawili, matatu, basi. Mguu mmoja, ayumbe kidogo. Akija kugongwa, watalinganisha na nini? Na ule upumbavu wake! Wiki mbili yuko uwanjani. Unadhani huyu wetu amerudije?"

Lorena aligeuka taratibu.

"Umesemaje, Dutch?"

Kicheko kilimkauka Dutch mdomoni. "Aa, Lori. Si unajua lakini? Gil alisema unajua."

Alimgeukia mumewe aliyekaa kando yake. Gil alikuwa amekaza macho uwanjani, shingo imemwiva.

"Gil. Agosti alikuwa anakumbuka mangapi?"

"Tuongee nyumbani."

"Nimekuuliza mangapi!"

"Yote," alisema Gil. "Yote, sawa? Alikuwa anayaimba kwenye gari njia nzima tukirudi, tunacheka. Ah, Lori, kila mtu anafanya hivyo. Hata mimi nilifanya. Kijana mzima, si unamwona anavyocheza?"

Lorena alimwona. Alimwona Trent akimwinamia Odell, na Odell akimwelekeza kwa kidole upande wa kurusha. Hakukuwa na ushauri wowote pale. Mwanawe alikuwa akiambiwa la kufanya, mpira mmoja mmoja, kwa sababu mipango ya mchezo haikukaa kichwani. Na yale matatu ya jikoni, yaliyomfanya acheke na kulala usingizi, yalikuwa matatu ya kweli.

Alimtazama Bev. Bev aliinamisha uso akaanza kutafuta glavu mapajani, nazo glavu alikuwa amezivaa. Hapo Lorena akaelewa kwamba ukumbini, wakati yeye anaapa kwa mikono yenye unga kwamba kichwa cha mwanawe kiko kama Agosti, nusu ya wale wanawake walijua Agosti ni nini. Walimwacha aseme. Walihitaji mtu mwenye wasiwasi aseme, ili wao wasiwe nao. Hasira ilimpanda hadi masikio yakawaka, na chini ya hasira kulikuwa na aibu ya mtu aliyechezewa shere na nyumba yake mwenyewe.

Alishuka ngazi. Kati ya jukwaa na uwanja kuna uzio, na uzio una kageti ambako mzazi hapiti mchezo ukiendelea, hata mwanawe avunjike mguu, husubiri aitwe. Lorena hakusubiri. Timu zilikuwa kwenye mapumziko mafupi, na alikuwa ameshavuka njia ya kukimbilia kabla mtu hajamtambua.

"Mama, rudi kwenye kiti!" mmoja alipiga kelele. "Mtoeni huyo!" Kisha wakamtambua, na mizomeo ikaanza, ya watu waliokuwa wamemkumbatia muda mfupi uliopita.

"Lorena, siyo sasa," alisema kocha. "Tunaongoza."

Alimpita. Alimshika Trent begani.

"Nitajie yale maneno matano ya jikoni."

"Mama, unaniaibisha."

"Nitajie, mwanangu, kisha naondoka."

Trent alitabasamu. "Sabuni," alisema. "Ndizi." Akamgeukia Odell kama alivyofanya jioni nzima, akasubiri aambiwe. Odell, ambaye jikoni kwao hakuwepo, alitazama chini, machozi yakamtoka.

Lorena alimvua mwanawe helmeti mwenyewe. Bila helmeti hakuna mchezaji anayeruhusiwa kuingia. Kila mtu pale alijua maana yake. Aliikumbatia tumboni, akamkalisha Trent mwisho wa benchi, akakaa naye. Bi Ostrander alikuja mbio, akamtazama Trent machoni, na hakumwambia Lorena airudishe.

Gil alikuwa amefika kwenye uzio. Alinyoosha mkono juu yake, beji ya Trent kifuani, sawa na ya mkewe.

"Nipe hiyo helmeti, Lori. Usimharibie mtoto maisha yake mbele za watu. Nipe."

"Mpe, Mama," alisema Trent. Sauti ilikuwa ikimtetemeka kwa hasira. "Kila mtu alikuwa ananiamini. Kila mtu. Wewe tu ndiye umenisaliti."

Neno hilo lilimchoma kuliko yote aliyoyasikia jioni ile. Aliishika helmeti kwa nguvu zaidi, kidevu juu yake, huku jukwaa zima likipiga miguu na kuita namba kumi na mbili, namba kumi na mbili, kwa imani ileile waliyokuja nayo.

Trent aligeuka kutazama watu wale. Alitazama taa, kisha jezi nyekundu za upande wa pili, kisha mama yake, na hasira yote ilikuwa imemtoka usoni.

"Mama," alisema, kwa upole, "leo tunacheza na nani?"

Gil alisikia. Mkono wake ulibaki juu ya uzio, wazi, na hakuna aliyeutia kitu.