Mtani wa Bosi Eustace

Eustace aliporudi Tabora kutoka porini Sikonge kurina asali, nyuki walikuwa wamemuuma hadi kwenye kope, na nywila yake ilikuwa imebaki hukohuko mzingani. Akaandika, kompyuta ikakataa. Akaandika tena, ikamfungia kabisa.

Nje lori la asali lilikuwa likinguruma. Treni ya mizigo haimsubiri mtu, na hati ya kutoa mzigo haitoki mpaka yeye na Bi Ummy, msimamizi mwenzake, waidhinishe wote wawili kwenye mfumo. Treni ikipita, mnunuzi naye kaenda.

"Jenifa! Nibadilishie nywila!"

Jenifa, fundi wao wa kompyuta, akatikisa kichwa. "Siwezi, bosi. Makarani na madereva nawafungulia. Wewe uko juu yangu."

"Mashine niliyoinunua mwenyewe inanifungia mlango?"

"Ningekuwa naweza kukufungulia wewe, mwizi akiiba nywila yangu angeingia hadi kwako. Anayeweza ni mwenye cheo sawa na chako tu."

Eustace aliikodolea macho ile mashine. Simba wa Sikonge humpisha njia, mwenyewe anaapa. Leo kitu kisichojua hata shikamoo kinamkatalia bila kupepesa! Akashusha sauti kama aliyeingia kanisani.

Mwenye cheo sawa ni Bi Ummy, Mzaramo, mtani wake. Cheo alimpa Eustace mwenyewe: ndugu atakuonea haya, mtani hakuonei. Naye huyo mlangoni, anacheka mpaka mtandio unamdondoka.

"Mnyamwezi kakwama! Babu zako walifika kwetu pwani na pembe za ndovu begani, haikudondoka hata moja. Wewe neno moja tu limekushinda?"

"Nifungulie, mtani. Treni!"

"Beba kwanza ndoo moja ya asali kutoka kwenye lori, nikuone kama u mjukuu wao kweli."

Akabeba begani. Ndoo ile ilikuwa nzito hivi kwamba nyayo zake zipo kwenye saruji mpaka leo.

Bi Ummy akabofya. Mfumo ukafunguka, ukamtaka Eustace aweke nywila mpya mwenyewe. Jenifa akageuka. Bi Ummy naye akageuka, kajifunika mtandio usoni.

"Hata wewe hutaiona?" Eustace akanong'ona.

"Mlango nimekufungulia. Cha ndani ni chako."

Vinyweleo vikamsimama. Watu wamempa kisogo, mtani mwenyewe kanyamaza, kwa heshima ya neno moja! Akaliandika kwa kidole kimoja, polepole, kama anayemgusa malkia wa nyuki.

Wakaidhinisha wote wawili, hati ikatoka. Lori likaiwahi treni, pungufu ya ndoo moja: Eustace alikuwa bado kasimama nayo begani, anaogopa kuitua, nywila isije ikadondoka tena.