Kiamsha Kinywa cha Moss

Ukungu ulikuwa umelala juu ya malisho, na farasi alionekana kuanzia tumboni kwenda juu, akielea taratibu pasipo miguu. Chini ya ukungu huo, mahali fulani, Moss, mbwa wa marehemu mume wangu Alec, alikuwa akitafuta mavi ya farasi ya kula.

Zamani neno moja la Alec lilitosha kumkanya. Tangu tumzike, mwanzoni mwa baridi, Moss hakuwa na kazi nyingine. Nilinyunyizia mavi pilipili. Akapiga chafya, akaendelea. Majirani wakanishauri nimchanganyie nanasi kwenye chakula, ati litamkata hamu. Akala nanasi, kisha akaenda kula mavi. Nikamhamishia kibandani, na kila asubuhi nikimfungulia ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeingia nyumba isiyo yangu. Nilimchukia, niseme ukweli.

Wal, mdogo wake Alec, alikuwa jikoni akikoroga chai. Alikuja jana jioni kumnywesha farasi dawa ya minyoo, kama kaka yake alivyofanya kila majira ya kuchipua, akalala kwangu.

"Mbwa yuko wapi, shemeji?"

"Nimemfungulia sasa hivi. Kaenda kupata kiamsha kinywa chake."

Kijiko kikasimama. "Unanitania."

"Si wewe uliyesema mbwa ni mbwa, nimwache?"

"Siku nyingine, sawa! Leo dawa inatoka na mavi. Hawa mbwa wa kuchunga kondoo hawaiwezi hata kidogo. Akila tu, anatetemeka, anaanguka, ndiyo basi tena. Alec hakukwambia?"

Hakuniambia. Kila mwaka, farasi akishapewa dawa, alimfungia Moss kibandani wiki nzima, nami nikimwita katili. Alec alikuwa akicheka tu, akimalizia chai yake.

Nikatoka mbio na viatu vya ndani. Nyasi zilikuwa na maji, na nyumba ikapotea nyuma yangu. Nikamwona mbele kidogo: lundo jipya linafuka mvuke, halijaguswa, na Moss anainamisha pua.

"Moss! Acha!"

Hakugeuza hata sikio. Kwa nini anitii, mimi niliyemtoa ndani? Katika dunia nzima ni yeye na mimi tu tuliokuwa tukimngoja Alec langoni jioni. Akifa huyu, nitabaki kungoja peke yangu. Akafungua kinywa.

"Alec!"

Sikukusudia. Jina lilinitoka kwa sauti ileile niliyokuwa nikimwitia chai, sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu mazishi. Moss akainua kichwa. Masikio yakasimama, mkia ukaanza kutikisika, akaliacha lundo na kunijia mbio. Nikamdaka ukanda wa shingoni kwa mikono miwili.

Hakunitazama. Alikuwa akitazama nyuma yangu, ndani ya ukungu, akisubiri. Nami nikageuka kutazama.