Virundo vya Kofia

Hapana, kupotea hatukupotea. Tulikosa njia ya kurudi, na hivyo ni vitu viwili, na mkosaji nitamtaja mwenyewe mkiniacha niongee. Sogea huko mjukuu wangu, goti hili halipendi kubanwa.

Mnamjua Kofia, mume wa shangazi yenu. Jina analo, ila mimi namwita Kofia kwa sababu ya ile kofia yake yenye kitambaa nyuma cha kufunika shingo, utafikiri pazia la dirisha. Kutwa yuko dukani kwake anapima watu macho, kachumba kenyewe giza, soma herufi za juu, haya soma za chini. Ikifika siku ya mapumziko mwenzenu halali. Anakwenda jangwani kuingia makorongo. Anaingia asubuhi, anatoka mchana, anarudi na vumbi puani anacheka. Nikamuuliza huko kuna nini. Hakuna kitu, Baba, akasema, ndiyo uzuri wake. Mtu mzima na akili zake, ana kiti, ana feni, anatafuta mahali pasipo na kitu.

Mimi nimekuwa mwashi miaka arobaini. Mawe nimeyabeba kwa bega, kwa kichwa, mengine kwa tumbo. Leo nipande gari nikayatazame? Lakini bibi yenu alitaka kwenda, na shangazi yenu akasema amechoka kuwaona baba yake na mume wake wanasalimiana kama wapangaji wenye ugomvi. Haya. Nikaenda, nimenuna tangu mlangoni.

Na mlangoni ndiko nilikoona vituko. Kofia amepanga chupa za maji ukutani kwa mstari. Begi lake la mgongoni amelipandisha kwenye mizani ya bafuni, anatoa soksi, anapima tena. Ana fimbo mbili za chuma, kama mtu aliyevunjika miguu yote. Ana filimbi shingoni. Nikamuuliza kama leo anachezesha mpira. Akacheka, maskini. Yule ukimtukana anacheka, ndiyo maana nilizidi kumtukana.

Tukafika. Chakula tukakiacha kwenye gari, kwa kuwa Kofia alisema saa sita tutakuwa tumerudi kukila. Sasa nyinyi mnauliza korongo ni nini. Ni mtaro. Mtaro mkubwa ambao maji yaliuchimba bila kibali cha manispaa. Kuta zimepanda pande zote mbili, juu umebaki mstari wa mbingu, chini mwamba mtupu usioweka hata unyayo. Tukapanda mtaro wa kwanza, tukaingia kwenye ufa mwembamba wa pembeni, tukapinda na kupinda, tukatokea mtaro wa pili. Kofia mbele na fimbo zake, shangazi yenu nyuma yake, kisha bibi yenu, mimi mwisho. Kila baada ya hatua mia Kofia anasimama kusifu. Baba, tazama rangi hii. Nikamwambia rangi hiyo kwetu tunaipaka kwenye choo.

Hapo ndipo ilipo habari yenyewe. Kila tulipopinda, nilikuta chini kirundo cha mawe, matano au sita yamepandishwa moja juu ya jingine. Na yamepangwaje? Kubwa juu, dogo chini, lingine limekaa upande kama mlevi, timazi ya kunyooshea ukuta haijapita hapo. Nikajua ni Kofia, anajichezea wakati anatungoja wazee, si nimeona watu wanapanga mawe wapige picha? Sasa sisi waashi tuna utaratibu wetu. Kazi ya kibarua ikipinda haijadiliwi. Unaipiga teke kabla mwenye nyumba hajaiona, unaendelea na lako. Huulizi nani kapanga, humwambii mtu. Mguu unakwenda wenyewe. Basi nikapiga kirundo cha kwanza. Nikapiga cha pili. Kwa kweli, wajukuu zangu, ndiyo raha pekee niliyoipata asubuhi ile. Niliporuka cha tano nilirudi nyuma kukifuata.

Tulipogeuka kurudi, tukafika mahali mtaro wa pili una nyufa sita ubavuni, zimefanana kama milango ya gesti. Kofia akasimama. Akaenda huku, akaja huku, akainama. Akatoa simu, ile nukta yake ya buluu ikawa inaelea juu ya kuta kama inzi. Akavua kofia. Sijawahi kumwona bila kofia, kumbe ana kipara.

Akasema aliweka alama za mawe na hazionekani, pengine ni upepo. Shangazi yenu akamjia juu. Akamuuliza ni upepo gani unaobeba mawe na kuacha kofia kichwani mwake. Akamwambia amewaleta wazazi wake kuwaua, na maneno mengine ambayo mke na mume wanapaswa kuyasemea ndani. Kofia alikuwa anamtazama bibi yenu.

Bibi yenu alikuwa amekaa chini. Anakunywa dawa za presha, mnajua, na zile dawa na jua havipatani. Uso umekuwa kama majivu. Maji yamebaki chupa moja, tena nusu. Kuingia ufa usio wenyewe ni mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi, na nyufa ni sita.

Na mimi nimesimama pale nimefunga mdomo. Nawaambia ukweli, sikufunga kwa mshangao. Nilikuwa nahesabu kama inawezekana nisiseme. Asubuhi nzima nimemcheka mtu, kofia yake, filimbi yake, fimbo zake, halafu mjinga awe mimi? Nikajiambia atakumbuka tu njia. Nikamtazama mke wangu anavyolamba midomo. Nikasema,

"Virundo nimebomoa mimi."

Kofia akaniangalia kama vile nimesoma herufi zisizokuwepo.

"Vyote, Baba?"

"Vyote. Havikuwa na timazi."

Shangazi yenu akafungua mdomo, bibi yenu akamwahi kutoka pale chini. Alisema taratibu, "Mwache. Huyu hata ndoa yetu angeipiga teke, ila aliikuta imepangwa na mama yangu."

Basi, ukishasema, kichwa kinafunguka. Jiwe la jangwani mgongo wake mweusi, umechomwa na jua miaka na miaka, lakini tumbo lake jeupe. Kofia aliyaokota hapo hapo yalipolala, akayapanga mgongo juu, na mimi nilipoyapiga teke yaliruka na kulala chali. Nikawaambia msitafute kirundo, tafuteni matumbo. Nikapita ufa wa kwanza, mawe yote meusi. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu, wa nne. Mbele ya wa tano, mawe manne yamelala chali yanametameta, na moja lina alama ya kiatu changu. Jiwe nililolishika au kulipiga nalijua kama ninavyowajua nyinyi.

Maji yote tukampa bibi yenu, Kofia akamshika mkono huu, shangazi yenu mkono ule. Mimi mbele natafuta matumbo. Kila tulipofika mahali tulipopinda asubuhi, Kofia anamketisha bibi yenu kivulini, anarudisha kirundo chake kwa ajili ya watu wengine watakaopita. Mimi namsogezea mawe. Na anapanga vile vile, kubwa juu, dogo chini. Nikafunga mikono nyuma. Iliniuma, lakini nikafunga.

Saa tisa tukatokea kwenye gari. Shangazi yenu akatandika mkeka kwenye kivuli cha gari, akatoa mkate, mayai ya kuchemsha na maji ya akiba. Bibi yenu alikunywa mpaka rangi ikamrudia, kisha akaanza kugawa. Kofia amesimama pembeni anakung'uta viatu, hathubutu kumsogelea mkewe. Mkewe naye anamenya yai kama analikomoa.

Nikasogea, nikaacha nafasi kati yangu na bibi yenu.

"Njoo ukae hapa, mwanangu," nikamwambia.

Akaja. Bibi yenu akamwekea mayai mawili, mimi akaniwekea moja, tukala.