Ng'ambo ya Daraja

Mke wangu Emérence alikwenda Beni kumsaidia binti yetu aliyejifungua. Wiki hiyohiyo wapiganaji wakakata barabara. Yeye akabaki kule, nami nikabaki kijijini kwetu Vulamba na moyo uliochoka. Miguu ilivimba. Kifuani mapigo yalikwenda mbio, yakasita, yakaanza tena.

Majirani wakaniletea uji kitandani. Kwetu mgonjwa wa moyo haachwi hata kuinuka. Lakini dawa za muuguzi Kalala, mtu wa Kasai aliyetumwa na serikali, zilipopunguza uvimbe, alikuja akanifunua blanketi.

"Muzee Mathe, simama. Sasa utatembea."

Nilimwuliza sababu, sipendi kumeza kitu nisichokielewa.

"Moyo ni musuli. Ukiulalisha, unaregea zaidi. Tembea kila siku, polepole. Uheme kidogo, mais bado uweze kusema. Maneno yakikatika, ao moyo ukirukaruka, simama."

"Nikiweza kupanda kilima chetu hiki, nitafika Beni?"

"Panda kwanza."

Njiani sikuwa na wa kusema naye, kwa hiyo nilisema na Emérence. Nilimweleza maharage yalivyochanua, na jinsi kitanda kilivyokuwa kipana. Rafiki yangu Zacharie, fundi viatu, alinisikia nikipita.

"Weye Mathe, unazungumuza na nani? Bibi yako Emérence iko Beni."

"Ni dawa ya muganga Kalala."

"Kama kuzungumuza na bibi ni dawa, mimi ningepona zamani."

Wengine walisema nimerukwa na akili. Niliwaacha waseme. Miezi ikapita, kilima kikawa kama kimepungua, na nikilala sikusikia tena moyo ukijikwaa. Kalala alinishika kifundo cha mkono, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Sasa unapiga vizuri. Lakini ni moyo mugonjwa bado. Usiudanganye."

Ndipo tukasikia malori yanafika hadi daraja lililovunjwa na wapiganaji, na kutoka hapo watu wanavuka kwa miguu kuelekea Beni. Nilipanda lori pamoja na jirani yetu Jemima, muuza mafuta ya mawese. Tulivuka juu ya magogo. Mbele yetu kulikuwa na mpando mrefu.

Nilianza kumwambia Emérence kwamba ninakuja. Katikati ya mpando maneno yakaniishia. Moyo ukaruka, ukatulia, ukaruka tena. Nikakaa kando ya njia, nikangoja, nikajaribu upya. Ukarudia vilevile.

Jemima alitua bidoni yake ya mafuta. "Baba, nikushike mukono tuende?"

"Hapana. Enda weye. Umwambie Emérence nimevuka daraja."

"Atalia."

"Umwambie nimevuka kwa miguu yangu."

Aliendelea kupanda na abiria wengine. Nilimtazama hadi kona ikamficha, upande ule ule aliko mke wangu, nami nikawaonea wivu hata wale waliobeba mizigo mizito. Kisha nikateremka polepole, nikavuka magogo. Dereva alikuwa akigeuza lori.

"Utarudi huku lini?" nikamwuliza.

"Vita ikikubali, juma lijalo."

"Uniwekee nafasi," nikasema, "lakini si juma lijalo. Nina kilima cha kupanda kwanza."