Kampuni ya Verlyn

Verlyn Haack alimkuta shemeji yake Merle nyuma ya ghala la matrekta, akamtwanga ngumi ya mdomo kabla hata ya salamu. Merle alianguka chali kwenye mabua ya mahindi. Kofia iliruka, jino likafuata.

"Nipe kampuni yangu!" Verlyn alifoka.

Upande wa pili wa ghala watu walikuwa wakinywa kahawa wakisubiri mnada. Shamba lililokuwa linanadiwa lilikuwa la marehemu mama yake Verlyn, ekari themanini za jimbo la Iowa, Marekani, udongo mweusi tii, na benki ilikuwa imechoka kusubiri deni lake. Anayeshinda mnada hutoa arbuni papo hapo, sehemu ya kumi ya bei, kilichobaki atalipa baadaye. Verlyn hakuwa na hata hiyo arbuni. Alichokuwa nacho, kwa akili yake ngumu kama gogo, ni kampuni.

Ujinga wenyewe ulianzia kwenye klabu ya uwekezaji. Wanachama walichanga kila mwezi kwenye mfuko mmoja, Merle akiwa mweka hazina. Kwa zamu, kila mmoja aliichunguza kampuni fulani, akaja kuielezea wenzake wakila keki ya tufaha. Wakikubali, mfuko unanunua hisa. Verlyn, mkata nyama wa kiwanda cha nguruwe, alileta kampuni ya visu vya machinjioni. Hisa zake zikapanda vibaya sana huku za kampuni nyingine zikidorora. Watu wakaanza kuiita "kampuni ya Verlyn" kwa utani, na yeye, maskini, akaamini.

"Siyo yako," Merle alisema akitema damu. "Ulipendekeza tu. Imenunuliwa kwa hela ya wote. Wewe una vipande vya mfuko mzima, kwa kadiri ulivyochanga, kama mimi."

"Usinichanganye na vipande vyako! Nani aliileta? Si mimi?"

"Na mimi nikaleta ya matairi, ikaporomoka. Mbona hasara hamkunibebesha peke yangu? Ukipeleka nyama kwenye chungu cha kanisani, shemeji, huendi kuopoa nyama yako. Unapakuliwa bakuli kama wengine."

Verlyn alimpiga teke la mbavu, kisha la pili. Merle alijikunja akiguna. Halafu akapeleka mkono wa kulia ndani ya koti.

Verlyn akadhani bastola. Aliokota spana ya trekta, akauvuta mkono wa Merle nje, akamkanyaga kifundo chake, akaishusha spana kwenye vidole. Akaishusha tena. Mifupa ilivunjika kwa sauti aliyoijua vizuri kutoka kazini, na Merle akapiga yowe hadi mbwa wakabweka.

Kilichodondoka kutoka kwenye koti ni kitabu cha hundi.

Joleen, mke wa Merle na dada yake Verlyn, alifika mbio. Alipouona mkono wa mumewe, alimrukia kaka yake akamparura uso.

"Mnyama wewe! Ungekuja mkutano wa klabu Jumanne ungejua! Tumeuza hisa kidogo kidogo, za kila kampuni, tukulipe vipande vyako. Hela ipo benki. Inatosha arbuni na kubaki! Alikuja kukuandikia hundi!"

Verlyn aliitupa spana. Upande wa pili dalali alikuwa ameanza kuimba bei.

"Basi niandikie wewe, Joleen."

"Benki inaitambua sahihi yake tu, siyo yangu."

"Kwa mkono wa kushoto, basi!"

Merle alijaribu, kwa hofu ama kwa huruma, hata mwenyewe asingeweza kusema. Ukatoka mchoro wa mtoto, na damu juu yake. Joleen akauchana.

"Nani atapokea hii, Verlyn? Nani?"

Verlyn akapiga magoti. Akaukamata mkono wa kulia wa shemeji yake, akaanza kuvikunja vile vidole kuizunguka kalamu, kimoja kimoja, huku Merle akilia na Joleen akimpiga mgongoni kwa ngumi zote mbili.

"Andika, shemeji. Nakuomba. Andika jina lako tu."

Bei ilisimama. Dalali aliuliza kama kuna mwingine, akauliza tena, kisha akatangaza kwamba shamba limeuzwa, na watu wakapiga makofi.

Verlyn alisikia. Lakini kidole cha mwisho kilikuwa bado hakijakunjika, naye akaendelea kukikunja.