Tai Aliyeondoka na Kigingi

Katika bonde lote lile hapakuwa na mtu aliyejua kufunga tai kumpita Tilei. Fundo lake lilikuwa halifunguki. Hata asubuhi ile halikufunguka: lilikuwa limekaza vilevile, huko angani, likipita juu ya zizi la kondoo pamoja na kamba yake, pamoja na kigingi cha chuma, na mbele ya vyote hivyo tai mwenyewe akipiga mabawa bila haraka.

Kigingi kiligonga bomba la moshi, tang! Kisha kikapaa naye kuelekea mlimani.

Kamash, mke wa Tilei, alitoka na unga mikononi. "Nani anagonga?"

"Tai," alisema Tilei, bakuli la chai bado mkononi.

Kamash alitazama shimo dogo lililojaa maji ya matope. "Ulikipigilia hapa?"

"Hapa."

"Hapa ni barafu, Baba Esen."

Majira yote ya baridi tai huyo alifungwa nyuma ya nyumba, kwenye jiwe ambalo wanaume wawili hulibingirisha huku wakitukanana. Lakini jana yake walikuja wakwe wa mwana wao Esen kutoka mjini, na Tilei akataka wamwone tai juani, kofia inayomfunika macho imevuliwa, manyoya ya shingo yanang'aa kama shaba. Akamhamishia kwenye kigingi, upande wa kusini. Jioni ile ardhi ilikuwa ngumu hata nyundo ilirudi yenyewe. Nani asingeiamini? Ila baridi ilikuwa inaaga, na ardhi ile ilikuwa samadi na matope yaliyoshikana kwa barafu tu. Jua lilipoilamba asubuhi, kigingi kikasimama kama kijiko kwenye uji. Na kwa sababu ya wakwe haohao, tai alikuwa amepewa sungura mzima, waone anavyochana. Tai aliyeshiba hasikii la mtu.

"Nenda kwa Manat," alisema Kamash. "Ana darubini. Mkitoka wawili sasa hivi, mtampata kabla ya jioni."

Tilei alijua kabisa kitakachotokea. Tai aliyetoroka bila kamba ataishi. Aliyetoroka na kamba atatua mwambani, kigingi kitaingia ufani, na akiruka atarudishwa kichwa chini, aning'inie hapo mpaka afe. Siku mbili, tatu. Alijua kwa sababu yeye ndiye aliyewafundisha wenzake, kila vuli, kwa kidole kilichonyooshwa, na Manat akiwa amekaa mstari wa mbele.

Ndiyo maana hakwenda kwa Manat.

Manat alikuja mwenyewe kabla ya adhuhuri, kuazima msumeno. Alikuwa jirani wa ng'ambo ya mto, mdogo kwa Tilei kwa miaka kumi, mwenye macho yanayotangulia miguu kuingia ndani.

"Kaka Tilei, jiwe lako mbona tupu?"

Tilei aliweka kipande cha sukari mdomoni, akakinyonya, akapata jibu.

"Nimemrudisha mlimani."

Mzaha ukamwisha Manat usoni. Watu wa bonde lile humchukua tai kiotoni akiwa kinda, wakawinda naye miaka saba au nane, halafu majira ya kuchipua wanamrudisha kwa wenzake azae. Humwachia kondoo aliyechinjwa, wa kumuaga. Ni tendo la mtu mzima. Wapo waliolifanya wakaugua kwa huzuni wiki nzima.

"Peke yako?" aliuliza Manat kwa sauti ya chini. "Bila kutuambia?"

"Nisingeweza kulia mbele yenu."

"Na kondoo?"

"Nimemwachia yule jike mwenye doa."

Kamash alikuwa anamimina chai. Chai ikapita bakuli, ikaingia kwenye kitambaa. Yule jike mwenye doa alikuwa zizini, anaonekana dirishani bila hata kunyoosha shingo. Kamash akafuta kitambaa, akatoka polepole, na baada ya muda ikasikika sauti ya kwato ghalani, upande wa pili wa ukuta, kisha mlio mrefu wenye chuki.

"Nani huyo?" aliuliza Manat.

"Tumbo linamsumbua," alisema Kamash akiingia. Hakusema la nani.

"Poleni, shemeji. Na hongera." Manat alisimama na msumeno wake. "Kesho nawaleta majirani, tumpe kaka heshima yake."

Heshima ikaja kweli. Siku ya pili nyumba ilijaa kofia za manyoya. Wakanywa chai ya chumvi, wakala maandazi, kila mmoja akasema neno lake kuhusu uungwana wa Tilei. Yeye alikaa mahali pa juu, zuliani, macho dirishani. Upepo ulikuwa umeanza kutoka kaskazini. Walipoona machozi yake walimhurumia zaidi. Machozi, hayo, yalikuwa ya kweli.

Walipoondoka, giza lilikuwa limekwisha kushuka mlimani.

"Siku mbili," alisema Kamash, akikusanya mabakuli. "Akiwa kinda nilimlisha kwa mkono huu, nyama nikiikata ndogo kama punje. Wewe unakaa unapewa maandazi."

"Ningewaambia nini?"

"Ungewaambia kigingi kimeng'oka. Maneno mawili."

Asubuhi ya tatu Tilei alitandika farasi. Kifuani alificha ngozi ya mbweha, ile ya kumwitia tai. Njiani akapishana na mama yake Manat, bibi wa miaka themanini, akichota maji.

"Wapi mapema hivi, mwanangu?"

"Natafuta farasi wangu, mama. Amepotea."

Bibi alimtazama yeye, akamtazama farasi aliyempanda, akachota maji yake.

Kunguru ndio waliomwonyesha. Walikuwa wanazunguka jabali moja, juu kidogo ya nyumba ya Manat, wakishuka na kupanda, wakipiga kelele kama watu waliokaribishwa karamuni wakakuta chakula bado hakijaiva. Tilei alizunguka kwa nyuma, akafika kileleni, akalala kifudifudi, akachungulia.

Tai alikuwa chini kama pima nne, kwenye ukingo mwembamba usiozidi tandiko la farasi. Kigingi kilikuwa kimebana ufani. Kamba ilikuwa imemzunguka mguu mara mbili na imebaki fupi, kiasi cha kumwezesha kusimama tu. Bawa moja lilikuwa limeshuka. Kila kunguru aliposogea aliruka, na kila aliporuka kamba ilimtupa jiweni. Fundo lilikuwa limeshika vizuri.

Tilei alijaribu kushuka. Mguu ukateleza, theluji ikaporomoka chini ya buti, naye akarudi juu akitambaa, akakaa. Mtu mmoja hawezi kazi ile. Anahitajika wa kushuka na wa kushika kamba.

Alikaa muda wa kunywa bakuli moja la chai. Angeweza kurudi nyumbani. Kesho kunguru wangekuwa wamemaliza, na yeye angebaki mtu aliyemrudisha tai mlimani. Majirani wangemtaja hivyo hata akifa. Chini, moshi wa nyumba ya Manat ulikuwa unapanda wima.

Akasimama ukingoni, akaweka mikono mdomoni. "Manaaat! Njoo na kamba!"

Manat alifika akihema, farasi wake akihema zaidi. "Kuna nini, kaka?"

"Kuna tai wa mtu amenasa huko chini. Nilikuwa napita."

"Wa nani?"

"Nitajuaje? Wa mzembe mmoja wa bonde la pili. Nishushe."

Manat alimfunga kamba kiunoni, akaifunga ncha ya pili kwenye tandiko, akamshusha taratibu. Tilei akafika ukingoni, akapiga magoti, akashika kamba ya tai. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Alivuta huku, akasukuma kule, akajaribu kwa meno.

"Vipi?" Manat aliuliza kutoka juu.

"Fundo gumu."

"La nani hilo?"

"Si nimekwambia, la mzembe."

"Basi ni mzembe fundi."

Tilei alitoa kisu, akakata. Ndipo tai akageuza kichwa na kumwona vizuri. Akainama, akatetemesha mabawa yote mawili, hata lile bovu, akafungua mdomo na kuanza: kyep, kyep, kyep. Ni sauti ya kinda kiotoni anapomwona mwenye kuleta nyama. Ndege mkubwa kiasi kile, na sauti ndogo namna ile.

"Nyamaza," alinong'ona Tilei. "Nyamaza, mama."

Tai akazidisha.

Kisha kichwa cha Manat kikatokeza ukingoni. Tai akanyamaza papo hapo, akasimamisha manyoya ya shingo, akamkodolea macho. Kichwa kikarudi nyuma: kyep, kyep, kyep. Kikatokeza: kimya. Kikarudi: kyep, kyep. Manat alifanya hivyo mara tatu, kwa utulivu, kama mtu anayejaribu bawaba za mlango.

"Kaka Tilei."

"Eeh."

"Huyu tai wa bonde la pili anakuita."

"Ana njaa. Tai mwenye njaa humlilia yeyote."

"Mimi mbona hanililii?"

Tilei alirudisha kisu alani. Tai alikuwa amempanda mkononi, mwepesi kuliko alivyomzoea, akichokora koti lake kifuani, palipofichwa ngozi ya mbweha.

"Sema tu, kaka," alisema Manat. "Mimi sina haraka. Kamba ninayo."

Kamba ya kiunoni haikuvutwa. Tilei akaanza kumpangusa tai theluji mgongoni, unyoya mmoja mmoja, kama mtu mwenye kazi ya siku nzima.